Dawa za Kupunguza Lehemu na Vitamini Zilizomo Katika Damu

Dawa za kundi la statini, kama vile atorvastatini, simvastatini na rosuvastatini, hupunguza lehemu (kolesteroli) katika damu, na hivyo kupunguza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Baadhi ya watumiaji huambiwa kwamba dawa hizi humaliza vitamini mwilini. Kwa hofu hiyo, wapo wanaonunua virutubisho vya ziada kwa gharama kubwa, na wapo wanaoacha dawa kabisa. Ni vyema kuelewa kinachotokea kabla ya kuchukua uamuzi wowote.

Je, ni kweli kwamba vitamini hupungua?

Ni kweli kwa sehemu. Vitamini E na beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, husaidia kukinga seli dhidi ya uharibifu unaotokana na oksijeni. Viini hivi huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Kwa hiyo husafirishwa ndani ya chembechembe zilezile zinazobeba lehemu. Statini huzipunguza chembechembe hizo. Mabasi yanapopungua barabarani, abiria walio safarini nao hupungua, ingawa kila basi lina abiria wake kama kawaida.

Vivyo hivyo, kipimo cha damu chaweza kuonyesha kwamba vitamini E imeshuka, ilhali uwiano wake na lehemu umebaki palepale au hata umeongezeka. Ndiyo maana kiwango cha vitamini E hulinganishwa na kiwango cha mafuta katika damu kabla ya kuamua kwamba mtu ana upungufu. Vitamini C huyeyuka katika maji, hivyo haitegemei usafiri huo.

Je, vidonge vya vitamini vina faida?

Utafiti mkubwa wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2002, ulihusisha watu 20,536 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Kwa takribani miaka 5, simvastatini ya miligramu 40 kwa siku ilipunguza matukio ya mshtuko wa moyo na kiharusi kwa takribani robo. Vidonge vya vitamini E, vitamini C na beta-karotini viliongeza vitamini katika damu, lakini havikupunguza matukio hayo.

Aidha, vidonge hivyo vyaweza kuleta madhara. Beta-karotini kwa dozi kubwa imehusishwa na ongezeko la saratani ya mapafu kwa wavutaji sigara, na vitamini E kwa dozi kubwa yaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia warfarini.

Dawa nyingine za kupunguza lehemu

Kolestiramini hufanya kazi tofauti: hunasa nyongo ndani ya utumbo, na yaweza kuzuia ufyonzwaji wa vitamini A, D, E na K. Mgonjwa anayeitumia kwa muda mrefu aweza kuhitaji vitamini za ziada, kwa ushauri wa daktari.

Mambo ya kuzingatia

• Usiache wala kupunguza dozi ya statini bila kushauriana na daktari.
• Pata vitamini kupitia chakula: mboga za majani, karoti, maembe, machungwa, karanga na mafuta ya alizeti.
• Mweleze daktari au mfamasia virutubisho na dawa za asili zote unazotumia.
• Ukipata maumivu au udhaifu wa misuli usioelezeka, hasa ukiambatana na mkojo wenye rangi nyeusi au kahawia, nenda kituo cha afya bila kuchelewa.
• Ukiwa mjamzito au unatarajia kupata ujauzito, mjulishe daktari mapema.
• Mtu akikuuzia kirutubisho kwa madai kwamba kinachukua nafasi ya dawa uliyoandikiwa, usikitumie. Toa taarifa kwa mamlaka husika.