Daftari la Milango

Je, wajua ya kwamba katika kila kompyuta ya Unix limo daftari dogo la maandishi, liitwalo /etc/services, ambalo kazi yake ni kuyaoanisha majina ya huduma na namba za poti, yaani milango ambayo kwayo huduma hizo hupokelea wageni wa mtandaoni? Mstari wake hauna makuu: hutangulia jina, zikafuata namba na itifaki, na mwishoni, pakiwapo haja, lakabu. Huduma ya barua, kwa mfano, huandikwa smtp 25/tcp mail. Na programu itakayo kupeleka barua huuliza jina hilo kwa wito wa getservbyname, ikajibiwa 25.

Aghalabu watu hudhani kwamba kuufuta mstari ni kuufunga mlango. Sivyo hata kidogo, kwani daftari hili halifungui wala halifungi kitu, na programu iijuayo namba yake hupita bila ya kulitazama. Lililohifadhiwa humo ni maafikiano matupu, na ndiyo maana napenda kulitaja kwa taadhima. Amana ya kugawa namba hizo, ambazo mwisho wake ni 65535, ilishikwa kwa miaka mingi na Jon Postel wa Marekani, aliyefariki mwaka 1998, akisaidiwa na Joyce Reynolds. Mnamo Julai 1995, Tatu Ylönen wa Finland, aliyeiunda SSH, programu ya kuingilia kompyuta ya mbali kwa usalama, baada ya nywila za mtandao wa chuo kikuu chake kuibwa njiani, aliiomba namba 22 khasa, kwa kuwa ilikaa tupu baina ya ftp, yenye 21, na telnet, yenye 23, ambazo alinuia programu yake ishike mahali pao. Akaandika barua fupi ya adabu, na kesho yake Reynolds akamjibu kwamba amepewa. Hapakuwa na ada wala baraza.

Lakini nakala za daftari zikizidi, hitilafu haikosi kuingia. Kampuni ya Sun ikatengeneza NIS, ambayo kwayo seva kuu moja huishika nakala iliyo sahihi na kompyuta nyingine zote huiuliza hiyo. Hapo ndipo fundi mgeni alipotaabika: katika SunOS 4, mfumo wa kampuni hiyo, akiongeza mstari katika faili la kompyuta yake, haukusomwa kabisa, madhali NIS ilikuwa ikifanya kazi; ilimpasa auandike kwenye seva kuu, kisha aingie /var/yp na kuamuru make ili ramani, yaani majedwali ambayo NIS hujibu kwayo, zijengwe upya. Baadaye likaja faili la nsswitch.conf, ambalo hutaja nani aulizwe kwanza, na likaleta mtego wake: palipoandikwa files mbele ya nis, mstari wa zamani uliosahauliwa katika kompyuta moja hujibu kabla ya ule mpya wa seva, na kompyuta hiyo pekee ikabisha hodi kwenye mlango uliokwisha kuhamwa.