Uvinza na Chemchemi Zake za Chumvi: Ushahidi wa Akiolojia

Uvinza ni makazi yaliyo karibu na makutano ya mito Ruchugi na Malagarasi, kusini mwa nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma. Chemchemi za majichumvi ndizo zilizowavuta watu mahali hapo. Mwaka 1967, J.E.G. Sutton na Andrew Roberts walifanya uchimbuaji kwenye chemchemi hizo. Katika tabaka za chini walipata vigae vya vyungu vya Zama za Chuma za Awali, vinavyokadiriwa kuwa vya karne ya 5 na ya 6 B.K. Chumvi huyeyuka, haiachi alama ya kudumu ardhini. Kinachobaki ni vyungu vilivyovunjika, makaa na mashimo ya kuchemshia. Kwa hiyo, maelezo yanayoanzisha historia ya Uvinza na misafara ya karne ya 19 baina ya Tabora na Ujiji yanaacha nje zaidi ya miaka 1,000 ya kazi ya wenyeji. Aidha, kwa kuwa chumvi imeendelea kuzalishwa papo hapo, kila shimo jipya laweza kufuta ushahidi huo. Uzalishaji na uhifadhi havina budi kupangwa pamoja.