Baba, Mwambie Mganga Kazi Yako

Kila mwaka, tarehe 4 Desemba, wachimbaji wa migodi humkumbuka Mtakatifu Barbara, msimamizi wao, wakimwomba awakinge na hatari za chini ya ardhi. Mwamba unaoanguka waogopwa na wote. Leo, wasomaji wapenzi, twataka kunena habari za hatari nyingine, iliyo ndogo hata jicho haliioni: vumbi la mawe.

Katika nyumba za Kolwezi au Likasi huweza kutokea hivi. Baba aliyetoboa mawe miaka mingi aanza kukohoa. Zamani alibeba gunia la mahindi pasipo kupumzika; sasa akipanda kilima kidogo tu, pumzi yamwishia. Ndugu wananong'ona kwamba amelogwa. Jirani asema ni kifua kikuu. Fedha ya chakula cha watoto yaenda kwa waaguzi. Wala hakuna aliyeuliza swali la kwanza.

Swali hilo ni la kale. Katika mwaka 1700 mganga Mwitalia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Humo aliwaonya waganga wenzake wasiache kumwuliza mgonjwa afanya kazi gani.

Sababu ni hii. Mawe mengi yana kitu kiitwacho silika. Mashine ikitoboa mwamba mkavu, silika hupanda hewani kama unga mwembamba mno. Unga ule hushuka hata ndani kabisa ya mapafu na kukaa humo. Mapafu hufanya makovu, na penye kovu hewa haipiti vema. Ndio ugonjwa wa silikosi. Mara nyingi huonekana baada ya miaka 10 au zaidi, pengine mtu amekwisha acha kazi na kulisahau vumbi lake.

Mganga aujuaje? Kwanza, kwa habari za kazi. Pili, kwa picha ya mapafu, ile ipigwayo kwa radiografi, ambayo huilinganisha na picha za mfano za Shirika la Kazi Duniani. Madoa madogo ya mviringo huonekana, hasa upande wa juu. Lakini kifua kikuu nacho huweza kuacha madoa pale pale. Kwa hiyo picha peke yake yaweza kudanganya. Basi, tatu, hupima makohozi, ahakikishe kama kuna ugonjwa mwingine. Tena mwenye silikosi hushikwa kwa urahisi na kifua kikuu. Yote mawili yaweza kukaa katika kifua kimoja.

Mtu atasema: “Silikosi haina dawa ya kuiponya, kuna faida gani kuijua?” Faida ni kubwa. Mgonjwa ataondolewa penye vumbi, makovu yasizidi upesi. Ataacha tumbako. Akiwa na kifua kikuu, hicho kina dawa. Mfanyakazi aliyeandikishwa aweza kudai haki yake, maana sheria ya Kongo ya mwaka 2016 juu ya usalama wa jamii yayahesabu magonjwa ya kazi. Na wenzake waonywa, kwani wavuta hewa ile ile: mwamba umwagiwe maji unapotobolewa, na kila mtu apewe kinyago cha kweli. Kitambaa kilichofungwa mdomoni hakizuii unga ule mwembamba.

Nanyi wanafunzi, mnayo kazi. Twaeni karatasi, mketi na baba, au na babu. Andikeni kila mahali alipofanya kazi tangu ujana wake, miaka mingapi, kazi gani, na kama palikuwa na vumbi. Msidharau kazi ya miezi michache, wala ile ya kuponda mawe nyumbani. Siku ya kwenda hospitali, karatasi hiyo itangulie mkononi mwa mganga.

Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu wazazi. Kuandika habari za jasho lao, ili wapate kupumua vema, ni njia mojawapo ya kuitimiza.