Mkurugenzi wa Uhandisi Mbele ya Jopo

Tarehe 28 Februari 2017, mhandisi mmoja wa Amazon aliyekuwa akichunguza kasoro katika mfumo wa ankara aliandika amri ya kuondoa seva chache kazini. Alikosea kipande kimoja cha amri hiyo. Zikaondoka seva nyingi kuliko alivyokusudia, na S3, huduma ambayo maelfu ya kampuni huhifadhia picha, mafaili na kurasa zao, ikalala kwa zaidi ya saa nne katika eneo lake la kaskazini mwa Virginia. Hata ukurasa ambao Amazon huutumia kuwaarifu wateja hali ya huduma ulishindwa kubadilishwa. Nao ulikuwa unaitegemea S3.

Siku chache baadaye kampuni ilichapisha taarifa ya tukio hilo, na hakuna maandalizi mazuri ya usaili wa uongozi wa uhandisi kuliko kuisoma taratibu. Haimtaji mhandisi kwa jina. Inaeleza kwamba mifumo midogo miwili iliyopoteza seva haikuwa imezimwa na kuwashwa upya yote kwa pamoja kwa miaka mingi katika maeneo makubwa, na katika miaka hiyo S3 ilikuwa imekua mno, kwa hiyo kuiamsha kulichukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Kisha inataja kilichobadilishwa: zana ya kuondolea seva ilipunguzwa kasi na kuwekewa kizuizi kisichoruhusu mfumo kushuka chini ya kiwango chake cha lazima.

Swali la siku ambayo mfumo wa msailiwa ulianguka halikosekani katika usaili wa ngazi hii. Mhandisi wa kawaida atapata alama kwa kusimulia alivyolinasa kosa usiku wa manane. Kwa anayeomba ukurugenzi, hadithi hiyo ni utangulizi tu. Jopo linataka kujua kwa nini amri moja ya mtu mmoja iliweza kuangusha huduma nzima, nani alikuwa na mamlaka ya kuliona hilo mapema, na nini kilibadilika hata kwa timu ambazo siku ile hazikuguswa.

Kazi za namna hii zimesogea karibu na wasomaji wa Afrika Mashariki. Microsoft ilifungua kituo chake cha uhandisi jijini Nairobi mwaka 2019, Google ikatangaza mwaka 2022 kwamba inaweka huko kituo chake cha kwanza cha kuunda bidhaa barani Afrika, na kampuni za simu na benki zina vikosi vya wahandisi vinavyohitaji wakuu. Wengi wanaostahili viti hivyo walipandishwa cheo kutoka ndani, ngazi kwa ngazi, na hawajakaa mbele ya jopo kwa miaka. Wakiitwa, kitu cha kwanza wanachokifanya ni kurudia mazoezi ya algorithimu waliyoyaacha chuoni. Muda mwingi unapotelea hapo.

Mwaka 2008 watafiti wa ndani wa Google walianza kuchunguza iwapo mameneja wa uhandisi wana maana yoyote, na mradi wao ukajulikana kwa jina la Oxygen. Waligundua kwamba wana maana kubwa, kisha wakaorodhesha tabia nane za meneja bora. Ya kwanza ilikuwa kuwa kocha mzuri wa watu. Ujuzi wa kiufundi ulikuwemo, lakini ulishika nafasi ya nane. Miaka michache baadaye Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu wa kampuni hiyo, alikiri hadharani kwamba mafumbo yaliyosifika sana, kama yale ya kukadiria mipira mingapi itajaa ndani ya ndege, hayakubashiri chochote zaidi ya kumfurahisha anayeuliza.

Kilichochukua nafasi ya mafumbo ni usaili wenye mpangilio: maswali yaleyale kwa kila mtu, vigezo vilevile vya kutoa alama. Uchambuzi wa Paul Sackett na wenzake uliochapishwa mwaka 2022 uliuweka usaili wa namna hii juu ya njia nyingine za kubashiri utendaji kazini. Ndiyo maana wasaili wa kampuni hizi huonekana wakavu kidogo. Wanaandika karibu kila neno na hawatabasamu pale msailiwa anapotegemea tabasamu, na mtu asiyejua sababu hutoka chumbani akidhani ameshindwa.

Amazon imelifikisha jambo hili mbali kuliko wengi. Ina misingi ya uongozi 16. Ilikuwa 14 hadi mwaka 2021, ilipoongezwa miwili. Kila msaili hukabidhiwa michache ya kuichimba, na huandika maoni yake kabla ya kikao cha uamuzi ili asifuate upepo wa wenzake. Tangu mwaka 1999 kikao hicho huwa na mtu mmoja kutoka nje ya timu inayoajiri, mwenye kura ya turufu. Yeye hana pengo la kuziba kwa haraka, kwa hiyo meneja aliyechoka kusubiri hawezi kumburuta.

Majibu yanayotakiwa hapo yana mkondo unaojulikana: hali ilikuwaje, jukumu lilikuwa lipi, hatua gani zilichukuliwa, matokeo yakawa nini. Mkondo huo unakaririwa kwa jioni moja. Ugumu uko kwenye maswali yanayofuata. Tuseme msailiwa anasema, “Tuliharakisha utoaji wa matoleo mapya.” Kutoka wapi hadi wapi? Kutoka mara moja kwa mwezi hadi kila siku. Nani alipinga? Mkuu wa ukaguzi wa ubora. Alikuwa na hoja gani ya haki? Kimya kidogo. Baada ya kuharakisha, matoleo yenye kasoro yaliongezeka au yalipungua? Kimya kirefu. Mtu aliyeifanya kazi ile kwa mikono yake hapo hakwami. Aliyeisikia kwenye vikao vya Jumatatu hukwama, na wasaili wanautambua mpaka huo haraka sana.

Adabu nayo huponza. Mtu aliyelelewa kutojisifu atasema timu ilifanya hiki, timu ikaamua kile, mpaka saa nzima inakwisha na jopo halijajua yeye mwenyewe aliamua nini. Kuwataja wenzake kwa heshima ni vizuri, tena ni dalili ya uongozi, lakini lazima sentensi moja iseme wazi: uamuzi huu ulikuwa wangu, niliufanya nikiwa na taarifa hizi, na hizi zilikosekana. Lugha pia ina mchango wake. Ugomvi wa ofisini ulipiganwa kwa Kiswahili, pengine kwa Sheng, na jopo linauuliza kwa Kiingereza. Hadithi ambayo haijawahi kusemwa kwa sauti katika lugha hiyo hutoka imekonda, bila makali wala ucheshi wake. Dawa ni kuisimulia mbele ya rafiki mkorofi anayekatiza.

Kwa sababu hiyo maandalizi yenye faida ni ya kupekua kabati lako mwenyewe kwanza. Kalenda za miaka mitatu iliyopita, taarifa za matukio, mapendekezo yaliyokataliwa, bajeti, barua za kuajiri na za kuachisha kazi: humo ndimo zilimo hadithi nane au kumi zitakazojibu karibu maswali yote. Kila moja iandikwe ukurasa mmoja, ikiwa na takwimu. Kwa kasi na uimara wa kazi, vipimo vinne vilivyoenezwa na Nicole Forsgren, Jez Humble na Gene Kim katika kitabu chao Accelerate cha mwaka 2018 bado vinatosha: matoleo hutoka mara ngapi, badiliko huchukua muda gani kumfikia mtumiaji, sehemu gani ya mabadiliko huharibu kitu, na huduma hurudi baada ya muda gani. Nyaraka zenyewe za mwajiri zibaki kwake. Mkurugenzi mtarajiwa anayefungua faili la siri la kampuni anayotoka amejibu swali la uaminifu kabla halijaulizwa.

Usanifu wa mifumo bado huulizwa, ila kwa jicho jingine. Mfano wa huku ni rahisi kuupata. Mteja wa mama lishe pale Kariakoo anatuma shilingi 3,000 za chakula, mtandao unakatika kabla jibu halijarudi, anabonyeza tena. Je, akatwe 6,000? Jibu la kiufundi linajulikana: ombi hupewa namba yake ya pekee linapozaliwa, na seva ikiiona namba hiyo kwa mara ya pili hurudisha jibu la kwanza badala ya kuhamisha pesa upya. Mhandisi mzuri huishia hapo. Mkurugenzi anatarajiwa kuendelea: mwisho wa mwezi mishahara inapoingia na mfumo unaelemewa, ni bora ukatae malipo au uyapokee kwa hatari ya kukosea salio? Nani anaamua hivyo saa nane usiku? Benki Kuu inaambiwa lini, na mawakala wanaambiwa nini?

Aprili 2015 Safaricom ilihamisha seva za M-Pesa kutoka Ujerumani hadi Kenya, miaka minane baada ya huduma kuanza Machi 2007, huku mamilioni ya watu wakiitegemea kwa nauli na karo. Ni zoezi zuri la kujipima. Mpango wa kuhamisha data utaujaza ubao wowote mweupe, na wengi hupenda kuchora. Kinachotenganisha wasailiwa ni kama mtu atataja, bila kuulizwa, saa ambayo ikifika hajafanikiwa anarudi nyuma, na jina la cheo chenye mamlaka ya kusema turudi.

Hapa pana hazina ambayo wahandisi wa ukanda huu huipuuza. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Meneja aliyelazimika kuchagua huduma ipi ipewe njia nyembamba iliyobaki na ipi izimwe kwa makusudi ana hadithi ambayo wenzake wengi wa California hawana. Asiione kuwa ni aibu ya miundombinu ya nyumbani.

Maswali ya watu na miundo yana vitabu vyake vikongwe, na havijachakaa. Frederick Brooks, aliyeongoza kazi ya mfumo endeshi wa kompyuta za IBM System/360, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa kuwa wageni hufundishwa na walewale waliopaswa kuumaliza. Melvin Conway alishasema mwaka 1968 kwamba mfumo hufanana na mawasiliano ya taasisi iliyouunda: timu nne zisizozungumza zitatoa vipande vinne visivyoshikana. Msailiwa anayeulizwa angefanya nini na mradi uliochelewa miezi sita, naye akaomba wahandisi kumi, amejikaanga kwa mafuta yake.

Kuna kampuni pia zinazopima kalamu. Juni 2004 Jeff Bezos alipiga marufuku slaidi katika vikao vya uongozi wa Amazon, na tangu hapo vikao vingi huanza kwa kimya, watu wakisoma waraka usiozidi kurasa sita. Baadhi ya wanaoomba vyeo vya juu huko huombwa kuandika kurasa chache kuhusu uamuzi wao mmoja. Vistari vifupi vya slaidi huficha mahali ambapo hoja mbili hazijaungana, aya haifichi. Aliyezoea slaidi ajaribu kuandika mapema, si usiku wa kuamkia usaili.

Kuijua kampuni ni kazi ya saa chache ambayo wengi huiruka. Iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa huchapisha taarifa ya mwaka, na zile za Marekani zina sehemu nzima ya mambo yanayoweza kuiumiza biashara. Swali moja lililotoka humo, likiulizwa pale jopo linaposema “una swali lolote?”, lina uzito kuliko kumi kuhusu utamaduni wa kampuni. Mengine ni madogo: kama usaili ni wa video, bando la akiba kwenye simu na kompyuta iliyojaa chaji, maana TANESCO na KPLC hawana kalenda ya usaili wa mtu.

Ofa ikija, hesabu inastahili utulivu uleule. Sehemu kubwa ya malipo ya ngazi hii huwa hisa, na jumla inayotajwa mara nyingi ni ya miaka minne. Kwa miaka mingi Amazon imekuwa ikizigawa bila usawa: asilimia 5 mwaka wa kwanza, 15 wa pili, kisha 40 na 40, pengo la mwanzo likizibwa kwa fedha taslimu. Anayeondoka mwisho wa mwaka wa pili huwa amepata moja ya tano tu ya hisa zake. Kampuni nyingine nyingi hugawa robo kila mwaka, na kampuni changa hutoa haki ya kununua hisa ambazo kwa wakati huo hazina soko la kuziuzia. Jedwali la mwaka kwa mwaka liombwe kwa maandishi, pamoja na maelezo ya kodi ya nchi atakayofanyia kazi, kabla barua ya kuacha kazi ya sasa haijafika mezani kwa bosi.