Usimfungie Mama Anayetetemeka

“Docta, uyu mama ni tabia yake ya kuzaliwa, ao ni pepo?”

Familia za mtaa wa Ndosho, hapa Goma, huniuliza hivyo karibu kila zinaponiletea mwanamke anayekunywa. Mwanaume huulizwa anakunywa nini na tangu lini. Mwanamke hufunguliwa kesi: ni mkaidi, anapenda starehe, mama yake hakumlea. Nimelijibu swali hili kwa upole miaka mingi, na leo upole umeniishia.

Hakuna tabia moja inayozaa ulevi. Papara na wasiwasi mwingi huongeza hatari, sikatai, ila wenye tabia hizo wengi hawawi walevi kamwe. Daktari Mmarekani George Vaillant, aliyefuatilia mamia ya wanaume tangu ujana wao, aliandika mwaka 1983 kwamba vurugu nyingi za tabia wanazolaumiwa walevi zilikuja baada ya pombe, hazikuitangulia. Uongo, hasira, kusahau watoto: mnachokiita chanzo mara nyingi ni matokeo. Mwanamke naye ana mzigo wake. Mwili wake una maji machache kuliko wa mwanaume, kwa hiyo glasi ileile ya pombe kali ya kanyanga humwingia kwa nguvu zaidi, na mara nyingi safari yake kutoka kuonja hadi kushindwa kuacha huwa fupi. Wengi ninaowahudumia walianza kunywa ili wapate usingizi, baada ya kubakwa au baada ya kukimbia vita.

Sasa niseme kinachoniudhi hasa. Anayeamini kwamba ulevi ni tabia au pepo hutafuta dawa ya kuvunja tabia na kufukuza pepo. Basi mama hupelekwa katika chumba cha maombi, mlango unafungwa, anafungishwa bila chakula wala maji, na akipiga kelele anafungwa kamba. Siku tatu, wanasema, atatoka mzima.

Wengine hawatoki. Ubongo uliozoea pombe kila siku hujikaza ili usizimwe nayo. Pombe ikikatwa ghafla, ule mkazo unabaki bila kizuizi. Ndani ya siku ya kwanza mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakimbia. Anaweza kupatwa na kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa kabisa: wanaona wadudu ukutani, wanaongea na watu wasiokuwepo, wanapigana na wanaowashika. Chumba kizima kinashangilia kwamba pepo anatoka. Hakuna pepo anayetoka pale! Ni dharura ya hospitali, na isipotibiwa inaua. Njaa inaongeza balaa, kwa sababu mnywaji wa muda mrefu huwa amepungukiwa vitamini B1, na bila hiyo ubongo unaweza kupoteza kumbukumbu moja kwa moja. Yaani mnamnyima chakula mtu ambaye ubongo wake unakufa kwa kukosa lishe, kisha mnahesabu kelele zake kuwa ushindi.

Sipigani na maombi. Mchungaji na aje wodini, aombe kando ya kitanda, dripu ikiendelea.

Mfanye nini? Anayetetemeka asubuhi mpaka anywe, au aliyewahi kupata kifafa, asiache pombe peke yake nyumbani: mpelekeni hospitali, au Tulizo Letu hapa Goma, kituo cha magonjwa ya akili. Atapewa diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Msimnunulie vidonge hivyo kwenye farmasi ya mtaani. Kama amekwisha kuacha ghafla na anaanza kutetemeka, mpelekeni leo, msingoje kesho. Kifafa kikimpata, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Anayemeza pia vidonge vya maumivu vya Tramadol apunguze akiongozwa na muuguzi. Mwenye mimba aseme mapema, bila kufokewa. Akitoka hospitali, aendelee kuonana na mshauri wa saikolojia kuhusu yale yaliyomnyima usingizi, maana dawa za wiki ya kwanza haziyagusi. Akirudia kunywa, mrudisheni; wengi hurudia kabla ya kuacha.

Na mkija kwangu, niambieni anakunywa nini, kiasi gani, na amekunywa mara ya mwisho saa ngapi. Tabia yake tutaizungumza akishaacha kutetemeka, naye akiwepo.