Mpishi, Seremala na Mshahara Mmoja

Mwaka 1984 Julie Hayward, mpishi wa kantini kwenye kiwanda cha meli cha Cammell Laird huko Birkenhead, Uingereza, alimpeleka mwajiri wake kwenye baraza la kazi. Alitaka alipwe sawa na wanaume watatu wa kiwanda hichohicho: mpaka rangi, seremala na fundi wa kufunika mabomba yasipoteze joto. Hakusema kwamba yeye na wao wanafanya kazi moja. Alisema upishi wake, aliousomea mpaka akahitimu kama wao walivyohitimu ufundi wao, una thamani ileile kwa mwajiri. Akashinda.

Madai ya namna hiyo ndiyo kiini cha sheria za malipo sawa, na ndiyo sehemu inayoeleweka kidogo kuliko zote hapa kwetu Tanzania. Mwajiri akiulizwa kama wanawake wake wanalipwa sawa na wanaume, atajibu kwamba mhasibu ni mhasibu, awe mwanamke au mwanamume, ngazi ya mshahara ni moja. Huenda asemayo ni kweli. Lakini sehemu nyingi za kazi haziwaweki wanawake na wanaume kwenye kazi moja. Chukua mashamba ya maua. Kwenye banda la kufungashia utakuta wanawake ndio wengi: wanapima urefu wa vikonyo, wanang'oa jani lenye doa, wanapanga madaraja, wanafunga mashada. Wanaume wengi wako kwenye kupulizia dawa, pampu za maji na mitambo. Ngazi ya mpulizia dawa ikiwekwa juu ya ngazi ya mfungashaji, orodha ya mishahara itaonekana safi kabisa, maana ndani ya kila ngazi hakuna aliyepunjwa. Upunjaji, kama upo, umekaa kati ya ngazi na ngazi.

Sheria yetu inalijua hilo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri achukue hatua za dhati kuhakikisha wanawake na wanaume wanapata malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kenya nao wameliweka katika kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Chimbuko la yote ni Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1951, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2001 na Tanzania mwaka 2002.

Sasa thamani ya kazi inapimwaje? Katika shauri la Hayward, mtaalamu huru alizipima kazi zote nne kwa mambo matano: nguvu za mwili, mazingira ya kazi, kupanga na kuamua, ujuzi, na wajibu. Kila jambo likapewa kiwango cha chini, cha kati au cha juu. Njia hiyo haina ugumu wa kuogopesha; ofisi yoyote yenye maelezo ya kazi yaliyoandikwa vizuri inaweza kuifuata.

Jaribu kumpima mfungashaji wa maua kwa mambo hayohayo. Anasimama zamu nzima. Anaingia na kutoka chumba cha ubaridi. Kwa kila ua anaamua kwa kulitazama tu ni la daraja gani, na akikosea, mteja anaweza kuukataa mzigo. Hapo ndipo ninapowagombeza wenzangu wa rasilimali watu. Nguvu za mabega huwa tunaziandika kwenye maelezo ya kazi na kuzilipia. Wepesi wa vidole, jicho kali na uvumilivu tunasema ni maumbile ya wanawake, basi hatuvilipii. Ujuzi uliojifunzwa kwa miaka unahesabiwa kama rangi ya macho. Hilo ni kosa la upimaji, na linawagharimu wanawake kila mwisho wa mwezi.

Mwajiri wa Hayward hakukubali upesi. Alidai mpishi ana nafuu nyingine: muda wa chakula wenye malipo, likizo ndefu zaidi, malipo bora akiugua, kwa hiyo kwa jumla wako sawa. Mahakama za chini zilikubaliana naye. Mwaka 1988 Bunge la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa, likasema hapana: kila sharti la mkataba lilinganishwe na sharti la aina yake, mshahara na mshahara, likizo na likizo.

Si kila tofauti ya malipo ni ubaguzi, na ni haki tuseme hivyo. Uzoefu, zamu ya usiku au kiwango cha uzalishaji vinaweza kuhalalisha tofauti, mradi kipimo ni kilekile kwa wote na kinatumika kweli.

Kikwazo kikubwa zaidi ni siri. Lilly Ledbetter alifanya kazi karibu miaka 19 kwenye kiwanda cha matairi cha Goodyear huko Gadsden, Alabama. Alijua kwamba wanaume wenye cheo kama chake wanamzidi mshahara pale tu alipoachiwa karatasi isiyo na jina la mwandishi. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Marekani ilimwambia amechelewa, kwani alipaswa kulalamika ndani ya siku 180 tangu uamuzi wa malipo ulipofanyika. Bunge lilibadilisha sheria mwaka 2009, kila malipo yenye ubaguzi yakawa yanaanzisha hesabu upya. Hapa Tanzania, mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, ila atoe sababu za msingi. Mfanyakazi asiyejua mwenzake analipwa nini ataanzaje kuzihesabu siku hizo?

Ndiyo maana nashikilia kwamba mzigo huu si wa mwanamke mmoja mmoja. Sheria yenyewe haikumwachia yeye. Kifungu hichohicho cha 7 kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi. Na mfanyakazi akishaonyesha dalili za awali za ubaguzi, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba haukuwepo. Iceland walikwenda mbali zaidi: sheria yao iliyoanza kutumika mwaka 2018 ilizitaka kampuni zenye wafanyakazi 25 au zaidi zipate cheti kinachoonyesha kwamba zinalipa sawa.

Hatuhitaji kusubiri sheria mpya ili kuanza. Vyama vya wafanyakazi vinapokaa mezani kujadili mkataba wa hali bora, viombe orodha ya ngazi zote, na kwa kila ngazi idadi ya wanawake na wanaume, kisha viulize ni kipimo gani kilichoiweka ngazi ya kufungasha chini ya ngazi ya kupulizia dawa. Maofisa kazi nao wana mamlaka ya kuingia kazini na kukagua kumbukumbu za mishahara. Wakifika, waombe na ule mpango uliosajiliwa kwa Kamishna, wausome huku orodha ya mishahara iko mbele yao.