Afya yako na baraza la kijiji: mambo ya kujua kwa wakazi wa Mpondwe na Bwera



Wengi wetu tukisikia neno afya tunafikiria dawa, sindano na foleni ya hospitali. Hayo ni kweli, lakini yanakuja mwisho. Kabla mtoto hajafika Hospitali ya Bwera akiwa na kuhara, kuna maji aliyokunywa, choo kilichojaa, na ukingo wa mto uliokatwa majani. Mambo hayo hayako mikononi mwa daktari. Yako mikononi mwako, pamoja na baraza la mahali unapokaa. Makala hii inakueleza baraza hilo ni nini, na wewe mkimbizi unaweza kulitumia namna gani.

LC ni nini?

Uganda imegawanywa katika mabaraza ya ngazi tano, ambayo watu huyaita LC. LC1 ni kijiji, LC2 ni parokia, LC3 ni kata ndogo au baraza la mji, LC4 ni kaunti, na LC5 ni wilaya. Hapa kwetu baraza la mji ni Mpondwe-Lhubiriha, na wilaya ni Kasese. Mpango huu uliwekwa katika Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997.

Katika kamati ya LC1 kuna mwenyekiti na makatibu. Mmoja anashughulikia usalama, mwingine ustawi wa watoto, mwingine uzalishaji na utunzaji wa mazingira. Wapo pia wawakilishi wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa hiyo kama takataka zimerundikana nyuma ya nyumba yako, au mtu anachimba choo karibu na chemchemi, usinung'unike peke yako. Yuko mtu ambaye kazi yake ni kulisikia jambo hilo.

Ukihamishiwa makazi ya wakimbizi, kama Rwamwanja, Kyaka II au Kyangwali, utakuta pia kamati za ustawi wa wakimbizi, zinazoitwa RWC. Hizo wanachaguana wakimbizi wenyewe, na zinafanya kazi bega kwa bega na LC.

Je, mimi mkimbizi nina sauti?

Mkimbizi hapigi kura ya kuchagua LC. Lakini mwenyekiti anawajibika kujua kila anayekaa kijijini kwake, na ugonjwa haumuulizi mtu karatasi. Ukipanga nyumba Bwera au ukipokelewa na ndugu, nenda ukajitambulishe kwa mwenyekiti siku za mwanzo. Mtoto wako akiugua usiku, yeye ndiye atakayejua VHT anakaa wapi.

VHT ni timu ya afya ya kijiji. Ni watu wa kujitolea waliochaguliwa na wanakijiji wenzao, kisha wakafundishwa. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanapima mkono wa mtoto kwa utepe ili kuona kama ana utapiamlo, wanahimiza chanjo na kliniki ya wajawazito, na wanatuma wagonjwa kituo cha afya. VHT si daktari, lakini ndiye mlango wa kwanza. Usimfiche mgonjwa. Na kumbuka kwamba tangu mwaka 2001 matibabu ya kawaida katika vituo vya serikali ni bila malipo.

Tulichojifunza mwaka 2019

Juni 2019 familia moja iliyotoka Kongo iliingia Kasese ikiwa na mtoto wa miaka 5 aliyekuwa mgonjwa. Walikwenda Hospitali ya Kagando, wahudumu wakashuku Ebola, na mtoto akapelekwa Bwera. Alifariki, na bibi yake na mdogo wake wakafariki pia. Agosti mwaka huo huo, msichana wa miaka 9 aligunduliwa na homa pale pale mpakani Mpondwe alipokuwa akipimwa. Naye hatukubahatika kumwokoa.

Huzuni hiyo hatuisahau. Lakini angalia jambo moja: mara zote mbili, ugonjwa haukuenea kwa mtu mwingine ndani ya Uganda. Wahudumu wa afya walikuwa wamechanjwa mapema. Watu waliokutana na wagonjwa walitafutwa na kufuatiliwa. Mikusanyiko na siku za soko zilisimamishwa. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kama jirani anamficha jirani. Mtu asemapo mapema kwa VHT au mwenyekiti, anaokoa watu asiowajua.

Ukingo wa mto nao ni afya

Mto Lhubiriha ndio mpaka wetu na Kongo. Watu wanachota maji humo, wanafua na kuoga. Kuni zikipungua, ni rahisi kukata miti na matete ya ukingoni. Tunaelewa: chungu hakichemki bila kuni. Lakini fikiria kinachofuata.

Mizizi ya majani na miti inashika udongo. Mvua inaponyesha, majani hayo yanapunguza mbio za maji na kuzuia sehemu ya uchafu wa vyoo na wanyama usiingie mtoni. Ukingo ukiwa uchi, udongo na kinyesi vinaingia pamoja, na jerikani yako inajaa kipindupindu na homa ya matumbo. Mafuriko nayo yanapata njia. Wilaya yetu inayajua: Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika na kuharibu Kilembe, na Mei 2020 ulifurika tena, hospitali ya Kilembe ikaharibika na wagonjwa wakahamishwa.

Kwa sababu hiyo kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinataka ukanda usiopungua mita 30 kutoka ukingo wa mto uachwe bila kulimwa wala kujengwa. Si baraza linalokuonea. Ni ukuta wa hospitali ambao haujengwi kwa saruji.

Kivuli na moyo

Mtu aliyekimbia vita anaweza kukosa usingizi, kushtuka ovyo au kukaa kimya siku nzima. Huo si wazimu, wala si aibu. Mweleze mhudumu wa kituo cha afya. Lakini pia mahali pa kukaa pana dawa yake. Mti wenye kivuli, ambapo akina mama wanasuka na wazee wanazungumza, na uwanja safi wa watoto kuchezea, vinamrudisha mtu kati ya watu. Waweza kuiomba LC au RWC eneo dogo la namna hiyo.

Ufanye nini wiki hii?

1. Mjue mwenyekiti wako, na VHT wako, kwa jina na kwa nyumba.
2. Ulizia siku ya mkutano wa kijiji. Nenda na jambo moja tu lililo wazi: choo, maji au takataka. Nenda na majirani wawili au watatu.
3. Chemsha maji ya kunywa, au tia dawa ya klorini kama ulivyoelekezwa.
4. Choo kiwe mbali na chanzo cha maji, mita 30 au zaidi, na kiwe upande wa chini.
5. Jitokeze siku ya kazi ya pamoja. Wengine wetu tunaijua salongo tangu nyumbani. Kusafisha mfereji ni kazi ile ile.
6. Panda mti mmoja wa matunda karibu na nyumba, na uache matete ya ukingoni yakae.

Kumbuka: kituo cha afya kinamtibu mgonjwa mmoja mmoja. Kijiji kinachosikilizana kinazuia wengi wasiugue.